Dalton alipimaje uzito wa atomi ambayo hakuwahi kuiona?

Tuisheni_Kihonda

Wakuu, salaam. Nafundisha tuisheni ya kemia hapa Morogoro, kidato cha pili hadi cha nne. Wiki hii tuko kwenye muundo wa atomi. Niliandika ubaoni hoja za Dalton kama sote tulivyozinakili enzi zetu: maada imeundwa kwa atomi, atomi haigawanyiki, atomi za elementi moja zina uzito sawa, atomi huungana kwa uwiano wa namba nzima.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu Dalton kitabu chake kilitoka lini?" Nikamwambia 1808. "Alikuwa na hadubini ya kuonea atomi?" Hakuwa nayo. "Sasa uzito alipimaje?"

Nimemuahidi jibu Jumatatu. Nimepekua vitabu nilivyonavyo na vyote vinaruka: Dalton alisema hivi, kisha ukurasa unaofuata Thomson kagundua elektroni mwaka 1897. Karibu miaka 90 katikati hapo, kimya. Mwenye kujua anisaidie, tena kwa maelezo ambayo mtoto wa miaka 15 atayashika.

Kitasa

Mkuu, hakupima. Alikisia. Yule bwana alikuwa mtu wa hali ya hewa, kazi yake kuandika mvua na joto kila siku. Mpe binti jibu hilo msonge mbele, mtihani wa taifa hauulizi hayo.

Bibi Bureti

Kitasa mwanangu, neno "alikisia" ni nusu ya jibu, na ukimpa mtoto nusu hiyo peke yake atadhani Dalton aliamka asubuhi akataja namba. Kuhusu hali ya hewa umesema kweli. Alianza kuandika daftari la hali ya hewa mwaka 1787 na hakuacha mpaka alipofariki 1844.

Mwalimu wa Kihonda, mimi nimestaafu, kwa hiyo muda ninao. Kaa vizuri.

Kwanza mwambie binti kwamba Dalton hakupima atomi moja hata siku moja, wala hakudai kuipima. Alichotafuta ni uwiano: atomi ya oksijeni ni nzito mara ngapi kuliko ya haidrojeni, ya naitrojeni mara ngapi, ya kaboni mara ngapi. Haidrojeni akaipa 1 kwa sababu ndiyo nyepesi kuliko zote, nyingine zote akazipimia kwake.

Mizani ilikuwa imeshafanya kazi kubwa kabla yake. Lavoisier alikuwa amewazoesha wakemia kupima kila kinachoingia na kila kinachotoka. Proust, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Hispania, alionesha kwamba kaboneti ya shaba ina vitu vyake kwa uwiano uleule, iwe imechimbwa ardhini au imetengenezwa maabarani. Dalton ndiye aliyesema: uwiano hauyumbi kwa sababu vitu vinaungana punje kwa punje. Na kama ni punje kwa punje, basi elementi mbili zikiunda kampaundi zaidi ya moja, vipimo vyake vitapishana kwa kuruka, si kwa kuteleza. Alikwenda mwenyewe kukusanya gesi inayotoka kwenye madimbwi, hii tunayoiita methani. Akailinganisha na gesi nyingine ya kaboni na haidrojeni, ethilini. Kwa kaboni ileile, gesi ya dimbwi ilikuwa na haidrojeni mara mbili kamili. Si mara moja na robo, wala moja na theluthi.

Hapo hakuna kukisia. Kukisia kunaanza hapa:

Chukua gunia la boliti zilizokwisha kufungwa nati, na huruhusiwi kuchungulia ndani. Unaambiwa tu kwamba nati zote kwa pamoja ni kilo 1 na boliti zote kilo 8. Boliti moja ni nzito mara ngapi kuliko nati moja? Mtoto mwepesi atasema mara 8. Muulize: nani kakwambia kila boliti ina nati moja? Zikiwa mbili mbili, boliti inakuwa nzito mara 16, na kilo hazijabadilika hata kidogo. Mizani haihesabu vichwa.

Maji ndiyo hilo gunia. Kwa kila gramu 1 ya haidrojeni mna gramu 8 za oksijeni. Lakini punje ngapi kwa ngapi? Dalton hakuwa na njia ya kujua, akajiwekea sheria: elementi mbili zikijulikana kuwa na kampaundi moja tu, chukulia ni atomi moja kwa moja mpaka itokee sababu ya kukataa. Wakati wake kampaundi pekee ya haidrojeni na oksijeni iliyojulikana ilikuwa maji. Peroksaidi ya haidrojeni iligunduliwa na Thénard mwaka 1818. Kwa hiyo maji yakawa HO, na amonia ikawa NH.

Halafu na vipimo vyenyewe havikuwa safi. Kwenye jedwali lake la kwanza, lililochapishwa 1805, oksijeni ina 5.5. Kwenye kitabu cha 1808 imekuwa 7. Hata hiyo 8 hakuifikia. Humphry Davy, aliyemfahamu, alimwona kama mtu wa vipimo vya kubahatisha, na mimi siwezi kumtetea sana.

Ila kuna jambo binti zako watalipenda. Dalton alikuwa mtoto wa mfumaji wa kijijini Cumberland, na kuanzia 1800 hivi alijipatia riziki Manchester kwa kufundisha wanafunzi binafsi hesabu na sayansi. Alikuwa mwalimu wa tuisheni kama wewe.

Tuisheni_Kihonda

Bibi, Mungu akupe maisha marefu. Hilo gunia la boliti nalichukua kama lilivyo.

Maswali mawili yamebaki. Nani basi alijua kwamba maji ni H₂O? Na kwa nini vitabu vinasema kosa la Dalton ni kudai atomi haigawanyiki, wakati hili la HO silioni popote?

Bibi Bureti

Swali lako la pili limenigusa mahali panapouma, nalianza hilo.

Kila mwaka nilisahihisha karatasi zinazosema "Dalton alikosea kwa sababu atomi ina protoni, nyutroni na elektroni". Sawa, alama anapata. Lakini Dalton alikuwa anazungumzia kemia, na kwenye kemia atomi haigawanyiki mpaka leo. Choma, yeyusha, chemsha, changanya na asidi: shaba inatoka shaba. Kumlaumu kwa yaliyogunduliwa na Rutherford, yule wa kiini cha atomi, miaka 100 baadaye, tena Manchester hukohuko, ni kumwonea. Kosa lililowagharimu wakemia nusu karne ni HO. Hilo halimo kwenye silabasi kwa sababu kulieleza kunachukua muda, kama unavyoona ninavyochukua.

Sasa H₂O. Mwaka 1805 Gay-Lussac na Humboldt walipima gesi kwa ujazo badala ya uzito. Wakakuta haidrojeni na oksijeni zinaungana ujazo 2 kwa 1, karibu bila kasoro. Gay-Lussac akaendelea na gesi nyingine, na mwishoni mwa 1808 akatangaza kwamba gesi zote huungana kwa ujazo wa namba nzima ndogo. Naitrojeni 1 na haidrojeni 3 kupata amonia. Haidrojeni 1 na klorini 1. Mtu yeyote angedhani Dalton angeshangilia, maana huu ni ushahidi wa atomi umeletwa mpaka mlangoni. Aliukataa. Kwenye sehemu ya pili ya kitabu chake, 1810, akaandika kwamba majaribio yake sahihi kuliko yote yanatoa haidrojeni 1.97 kwa oksijeni 1, si 2. Mtu aliyeandika oksijeni 5.5 akaja kuwa 7, leo anakataa 2 kwa sababu yeye kapata 1.97!

Lakini nimtendee haki, maana sababu yake haikuwa ya kijinga. Ukisema ujazo sawa wa gesi una idadi sawa ya punje, unaingia kwenye shimo. Ujazo 1 wa oksijeni unatoa ujazo 2 wa mvuke wa maji. Kwa hiyo kila punje moja ya oksijeni imetoa punje mbili za maji, na kila punje ya maji ina oksijeni ndani yake. Maana yake oksijeni imepasuka katikati. Kwa Dalton hilo haliwezekani.

Aliyepata njia ya kutoka ni Amedeo Avogadro wa Turin, mwaka 1811. Alisomea sheria kabla ya kuhamia fizikia, na ukisoma hoja yake unaona mwanasheria anavyochambua. Alisema: hakuna atomi iliyopasuka. Punje ya gesi ya oksijeni haikuwa atomi moja tangu mwanzo, ilikuwa jozi. Kinachoachana ni jozi. Kwa hesabu hiyo maji yana haidrojeni mbili, na oksijeni ni nzito kama mara 15 kuliko haidrojeni. Nambari yake ilitoka hivyo kwa sababu vipimo vya msongamano wa gesi vya siku zile havikuwa safi. Ya leo ni 16.

Jibu lilikuwepo, limechapishwa kwenye jarida la Kifaransa, mwaka 1811. Halikukubaliwa mpaka karibu miaka 50 baadaye.

Mzee wa Malindi

Assalaam aleikum. Bibi, darasa lako zuri, lakini tusiwape Wazungu kila kitu. Wanazuoni wa ilmul kalaam, elimu ya itikadi ya Kiislamu, walizungumza juu ya punje isiyogawanyika, *jawhar*, karne nyingi kabla ya huyo Dalton. Baqillani, mmoja wao, alifariki 1013.

Bibi Bureti

Waaleikum salaam, mzee wangu. Ni kweli tupu, na kabla yao Wagiriki akina Democritus. Hao wa kalaam walikuwa na fikra kali kuliko Wagiriki, kwamba hata sifa za punje hazidumu zenyewe bali Mwenyezi Mungu huziumba upya kila wakati. Mjadala wao ulikuwa wa kumjua Muumba, na kwa kazi hiyo punje haikuhitaji uzito. Swali la binti wa Kihonda ni la uzito, ndiyo maana nimeanzia kwa Dalton.

Kitasa

Haya, nimerudi, nakiri uzi umenoga. Lakini Bibi, miaka 50? Jibu liko kwenye jarida na watu wamekaa tu? Hawakuwa wanasoma?

Bibi Bureti

Walisoma baadhi yao. Ampère alisema karibu jambo hilohilo mwaka 1814 na yeye hakusikilizwa. Walikuwa na sababu, na sababu zenyewe zilikuwa nzito.

Ya kwanza ni ile jozi. Kwa nini oksijeni ishikane na oksijeni? Dalton aliamini atomi za gesi moja zinasukumana. Berzelius wa Stockholm, ambaye ndiye aliyetupa alama za herufi hizi tunazotumia, H na O na Cu, na aliyepima elementi kwa mkono safi kuliko Dalton mara nyingi, alifundisha kwamba atomi hushikana kwa sababu moja ni chanya na nyingine ni hasi. Sasa oksijeni mbili, zote hasi, zinashikanaje? Kwa mtu wa wakati ule, jozi ya Avogadro ilikuwa kama kumwambia mwanafunzi wako leo kwamba ncha mbili za kaskazini za sumaku zinavutana.

Ya pili ilitoka maabarani. Dumas, kijana hodari wa Paris, mwaka 1826 alibuni njia ya kupima msongamano wa mvuke wa vitu vinavyochemka kwa joto kali. Akapima zebaki, fosforasi, salfa. Akachukulia kwamba zote ni jozi kama oksijeni. Zebaki ikampa nusu ya uzito uliojulikana. Fosforasi mara mbili. Salfa mara tatu! Leo tunajua kwamba mvuke wa zebaki ni atomi moja moja, fosforasi nne nne, na salfa kwa joto alilopimia sita sita. Yeye hakujua. Alichoona ni kwamba kanuni ya Avogadro inatoa upuuzi. Alikata tamaa kiasi kwamba mwaka 1836, akifundisha pale Collège de France, alisema kama angekuwa na mamlaka angelifuta neno atomi kutoka kwenye sayansi.

Ikafuata vurugu. Wengine wakaandika oksijeni 8, wengine 16. Kaboni kwa huyu 6, kwa yule 12. Mwaka 1861 Kekulé alijaza karibu ukurasa mzima wa kitabu chake kwa fomula 19 tofauti zilizotumiwa kwa kitu kimoja, asidi ya siki. Siki tu hii ya kachumbari.

Sasa njoo kwa mtu wangu, Stanislao Cannizzaro. Mwenyeji wa Palermo, aliingia kwenye mapinduzi ya Sicily ya 1848, yaliposhindwa akakimbilia Ufaransa. Baadaye akapata kazi ya kufundisha Genoa. Tatizo lake lilikuwa lilelile la kwako: ana darasa mbele yake na vitabu havikubaliani. Mwaka 1858 akachapisha muhtasari wa kozi yake, na ndani yake kuna njia ambayo unaweza kuifanya ubaoni Jumatatu bila kifaa hata kimoja.

Chukua kanuni ya Avogadro uiamini. Molekuli ya haidrojeni iite 2. Linganisha msongamano wa gesi yoyote na wa haidrojeni, zidisha kwa 2, umepata uzito wa molekuli ya gesi hiyo. Kisha uliza ndani yake mna kaboni kiasi gani:

Monoksaidi ya kaboni, molekuli 28, kaboni 12.
Dioksaidi ya kaboni, molekuli 44, kaboni 12.
Methani, molekuli 16, kaboni 12.
Ethilini, molekuli 28, kaboni 24.

Waulize watoto wanaona nini. Kaboni haiji 6, haiji 9, haiji 15. Inakuja 12 au kigawe cha 12. Basi 12 ndiyo atomi. Hukuhitaji kujua fomula kwanza, fomula inatoka yenyewe mwishoni. Na zile salfa na zebaki za Dumas hazimsumbui tena, kwa sababu halazimishi kila elementi iwe jozi. Anapima kampaundi zake na kutazama kipande kidogo kabisa. Kwa zebaki alikuwa na shahidi wa pili: kanuni ya Dulong na Petit ya 1819, kwamba uzito wa atomi ukizidishwa kwa joto mahususi (joto la kuipandisha gramu moja nyuzi moja) la elementi ngumu unatoa takriban namba ileile. Njia mbili zisizojuana zikakutana kwenye jibu moja.

Septemba 1860 wakemia kama 140 wakakutana Karlsruhe, Ujerumani, siku tatu, kujaribu kukubaliana. Hawakukubaliana. Cannizzaro alizungumza vizuri, watu wakasikiliza, kikao kikavunjika. Lakini rafiki yake Pavesi aligawa nakala za ule muhtasari wa Genoa kabla watu hawajaondoka. Lothar Meyer, mkemia Mjerumani, aliusoma baadaye na kuandika kwamba magamba yalimdondoka machoni. Na kati ya waliohudhuria alikuwemo Mrusi wa miaka 26, Dmitri Mendeleev. Jedwali lake la 1869 lisingewezekana bila namba zile. Huwezi kupanga elementi kwa uzito wakati nyingi kati yake uzito wake umekatwa nusu.

Tuisheni_Kihonda

Nimejaribu hiyo ya kaboni leo jioni na kundi la kidato cha tatu, wameiona 12 wenyewe kabla sijamaliza kuandika. Asante sana Bibi.

Ila yule binti alikuwepo naye, kaingia darasa lisilo lake. Kauliza: kama kila kitu kinapimwa kwa haidrojeni na punje ni nzima, mbona klorini ni 35.5? Nusu ya nini?

Bibi Bureti

Huyo mtoto msimpoteze.

Swali lake liliwahi kumsumbua daktari mmoja wa London, William Prout, mwaka 1815, ila kwa upande wa pili. Aliona namba nyingi ziko karibu na namba nzima, akadai elementi zote zimejengwa kwa haidrojeni. Klorini ndiyo ikamkwamisha. Jean Stas wa Ubelgiji alipima kwa umakini wa kutisha, na klorini ikakataa kuwa 35, ikakataa kuwa 36.

Jibu lilitoka kwa Francis Aston, Cambridge, aliyetumia sumaku na umeme kuzichuja atomi kwa uzito wake. Mwishoni mwa 1919 akatangaza kwamba klorini si ya aina moja. Zipo atomi za 35 na za 37, na kwa kemia hazitofautiani, kwa hiyo mizani yote ya karne ya 19 ilikuwa inapima mchanganyiko. Za 35 ni kama tatu kwa kila moja ya 37. Mwache apige hesabu mwenyewe: 35 mara tatu, jumlisha 37, gawanya kwa nne.

Na akiimaliza, mrudishe kwenye hoja ya tatu uliyoandika ubaoni, ile ya atomi za elementi moja kuwa na uzito sawa. Muulize aikate au aiache.